Walipima Nini katika Damu Ile?

Shangazi yangu aliposikia kwamba nimechagua kusomea Kiswahili chuo kikuu, aliniuliza kama nina nia ya kuingia jeshini. Hakuwa akitania. Kwa Waganda wengi wa rika lake, Kiswahili ni lugha ya kizuizi cha barabarani, ya bunduki na ya amri. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na tangazo hilo halikukisaidia, kwani lilizidi kukifunga pamoja na utawala wake katika kumbukumbu za watu. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kitumike rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Karatasi zimetangulia, mioyo inafuata polepole.

Ninakoishi mimi, Bwaise, Kiswahili hakikungoja karatasi. Nimepanga muzigo, kama tunavyoita hapa Kampala chumba kimoja cha kupanga kilichoshikana na vingine katika safu moja. Ukuta wa kushoto ni wa fundi seremala Mganda, ukuta wa kulia ni wa mama aliyetoka Bukavu. Ukitembea kando ya barabara ya Bombo utasikia Kiswahili cha madereva wa malori, cha wauza vitenge kutoka Kongo, cha Wakenya waliokuja kutafuta riziki. Mvua ikinyesha sana na mfereji wa Nsooba ukafurika, maji yanaingia vyumbani bila kumuuliza mtu lugha yake, na wote tunajikuta tunapandisha magodoro juu ya meza na kuitana kwa lugha yoyote itakayosikika haraka.

Insha hii inahusu kazi moja ambayo Kiswahili kilitakiwa kuifanya Bwaise, nayo ni kumweleza mama huyo jirani yangu namna wanasayansi wanavyopima protini ya ubongo ndani ya damu. Mwanawe ndiye aliyetolewa damu hiyo.

Mama huyu huuza chai na mandazi alfajiri, kabla mafundi hawajafungua karakana zao. Ananiita mwalimu, ingawa nimemwambia mara nyingi kwamba mimi bado ni mwanafunzi, nami namwita mama. Mtoto wake wa pili, mvulana aliyekuwa na miaka sita wakati huo, alikwenda kukaa kwa ndugu zao katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali wakati wa likizo. Alirudi na homa. Siku ya pili akashikwa na degedege, kisha akazimia asiamke hata kwa kufinywa. Alilazwa katika hospitali moja ya jiji, akakaa huko siku kumi na moja, akapona. Madaktari walisema ilikuwa malaria iliyopanda ubongoni.

Akiwa wodini, mama aliombwa mtoto wake aingie katika utafiti. Fomu ya ridhaa ilikuwapo kwa Kiingereza na kwa Luganda. Yeye anasoma Kifaransa kidogo na anazungumza Kiswahili cha Kivu. Muuguzi akamsomea kwa Luganda, na mfanya usafi wa wodi, aliyewahi kuishi Goma, akamtafsiria vipande vipande huku akipiga deki. Mama akatia sahihi. Nimemuuliza kwa nini alitia sahihi kitu asichokielewa, naye akanijibu kwamba mtoto akiwa amelala hafumbui macho, mtu ukipewa kalamu unaandika.

Shida ilikuja baadaye. Mtoto alitakiwa arudi baada ya miezi kumi na miwili ili apimwe akili na atolewe damu tena. Siku zilipokaribia, maneno yakaanza. Jirani mmoja alisema damu ya watoto inauzwa. Mwingine alisema inapelekwa ng'ambo kutengenezewa dawa za matajiri. Wanafunzi wenzangu mnaosoma historia ya lugha yetu mnajua kwamba uvumi wa namna hii ni mkongwe, na Kiswahili kina neno lake: mumiani. Hapa Kampala na Nairobi enzi za ukoloni uliwaangukia wazimamoto, watu wakiamini kwamba wale waliovaa sare na kuendesha magari mekundu hukamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo, kilichotoka mwaka 2000. Ninachokiona ni kwamba uvumi hujaza nafasi iliyoachwa tupu. Mtu akichukua damu yako bila kukuambia kwa lugha yako anaifanyia nini, utatafuta jibu mwenyewe, na jibu lililo karibu ni lile la mababu.

Basi jioni moja mama akaniletea fomu yake, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki ili maji ya mafuriko yasiiharibu. Akaniuliza hivi, nami naandika kama alivyosema: "Mwalimu, balitosha damu ya mutoto wangu. Balipima nini mu ile damu?"

Katika orodha ya vitu vitakavyopimwa niliona herufi nne: BDNF.

Wakati huo nilikuwa nikifanya mradi wa mwaka wa tatu, kukusanya istilahi za Kiswahili za maabara ya tiba. Rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari sasa ni fundi wa maabara, na maabara yao hupima protini hiyohiyo kwa ajili ya utafiti mwingine. Kwa idhini ya mkuu wake nilikaa pembeni siku nzima nikitazama na kuandika. Kwa hiyo nilikuwa na maelezo. Nilichotaka ni njia ya kuyafikisha ng'ambo ya ukuta wangu wa kulia.

Nianze na hiyo protini. Seli za neva ndani ya ubongo haziishi kila moja kivyake. Hupelekeana ujumbe, na baadhi ya ujumbe huo hubebwa na protini ambazo seli moja huzitoa na nyingine huzipokea. BDNF ni mojawapo. Yves-Alain Barde na wenzake waliitenga kutoka katika ubongo wa nguruwe na kuitangaza mwaka 1982. Protini hii hufika kwenye seli ya neva na kushikana na kipokezi kilicho juu ya ngozi ya seli, kiitwacho TrkB. Ikishikana nacho, seli hupata habari: endelea kuishi, ota matawi, imarisha viungo vyako na majirani. Mtoto anapojifunza neno jipya au njia ya kwenda dukani, viungo kati ya seli zake vinabadilika, na BDNF ni miongoni mwa vitu vinavyosaidia mabadiliko hayo.

Jina lake refu la Kiingereza, ukilifasiri moja kwa moja, linakuwa kitu kama kilisha-neva kitokacho ubongoni. Mhadhiri wangu alipendekeza "kirutubishi neva." Ni tafsiri nzuri, inaheshimu asili ya Kigiriki ya neno lile, lakini sikuitumia kwa mama. Niliiacha kwa makusudi. Mama anayeuza chai akisikia kwamba ubongo wa mwanawe una upungufu wa kirutubishi atauliza jambo moja tu: ninunue nini? Mayai? Samaki? Maziwa? Atakopa fedha ili anunue kitu ambacho hakitafika anapotaka kifike, kwa sababu protini hii hailiwi, mwili wenyewe ndio unaoitengeneza. Nikachagua kuiita mjumbe. Kwa Kiswahili neno mjumbe lina uzito mzuri: ni mtu aliyetumwa, anayebisha hodi kwenye mlango fulani na kusema alichoambiwa aseme. Mama akalipokea mara moja. "Mjumbe wa bongo," akasema.

Sasa, mjumbe huyo anapimwaje ndani ya damu, wakati ni mdogo na mchache kiasi kile? Kiwango chake katika damu huhesabiwa kwa pikogramu. Chukua gramu moja ya chumvi, uigawe vipande milioni, kisha chukua kipande kimoja ukigawe tena vipande milioni. Kila kipande cha mwisho ni pikogramu moja. Hakuna mizani ya dukani wala ya sonara inayoweza kupima hilo. Isitoshe, damu imejaa protini za aina nyingi, na wewe unamtafuta mmoja katika umati.

Njia ya kumpata ilitokana na mwili wenyewe. Tunapopatwa na ugonjwa, mwili hutengeneza kingamwili, na kila kingamwili hushika kitu kimoja na kukiacha kingine, kama ndoana ambayo ingenasa sato tu na kumwacha sangara apite. Rosalyn Yalow na Solomon Berson, wakifanya kazi katika hospitali ya maveterani huko Bronx, New York, waligundua katika miaka ya 1950 kwamba tabia hiyo inaweza kutumika kupima homoni ya insulini. Walitumia madini yenye mnururisho kama alama ya kuhesabia. Berson alifariki mwaka 1972, na Yalow akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Njia yao ilikuwa sahihi, lakini mnururisho unahitaji ulinzi na vibali ambavyo maabara nyingi hazina. Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann huko Stockholm, na pia Anton Schuurs na Bauke van Weemen huko Uholanzi bila kushirikiana nao, waliuondoa mnururisho na kuweka kimeng'enya badala yake. Kimeng'enya hakitoi miali. Kinabadilisha rangi ya maji. Hapo ndipo kipimo kiitwacho ELISA kilipozaliwa, na kwa sababu ya badiliko hilo dogo kipimo hiki kimeweza kuenea mpaka kwenye maabara za miji kama wetu. Kipimo cha aina hii kilianza kutumiwa mwaka 1985 kuchunguza virusi vya UKIMWI katika damu ya kuongezewa wagonjwa.

Hiki ndicho nilichokiona siku ile. Rafiki yangu alichukua kisahani cha plastiki chenye visima 96, safu nane kwa kumi na mbili, kila kisima kidogo kuliko ncha ya kidole. Chini ya kila kisima kulikuwa kumekwisha kupakwa kingamwili ya kwanza, ile ndoana inayomnasa BDNF. Visima vilikuwa vimepakwa pia protini nyingine isiyohusika, ili kuziba nafasi zote wazi za plastiki. Bila hivyo kila kitu kingeganda popote na kipimo kingedanganya. Akatia plazma, yaani ule umajimaji wa manjano unaobaki juu baada ya damu kuzungushwa kwa kasi kwenye mashine na chembe kutulia chini. Akasubiri. Mjumbe akanaswa. Akaosha visima, akapindua kisahani na kukipigapiga juu ya karatasi ya kufutia, akaosha tena. Kisha akatia kingamwili ya pili, nayo inamshika mjumbe huyohuyo kwa upande mwingine, kwa hiyo sasa mjumbe yuko katikati, ameshikwa chini na juu. Akaosha. Akatia kimeng'enya kinachojibandika kwenye kingamwili ya pili. Aina inayotumika sana hutoka katika mzizi mkali wa Ulaya ambao Wazungu huusaga na kula na nyama. Akaosha tena. Mwisho akatia maji yasiyo na rangi.

Nikaona visima vikianza kuwa vya buluu. Vingine vilikolea haraka, vingine vilibaki na buluu ya mbali kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Baada ya dakika chache akadondosha asidi, buluu yote ikageuka njano na kusimama hapo. Akakiweka kisahani ndani ya mashine inayopitisha mwanga wa nanomita 450 katika kila kisima na kuhesabu ni mwanga kiasi gani umezuiwa. Palipo na mjumbe wengi pana kimeng'enya kingi, palipo na kimeng'enya kingi pana rangi nyingi.

Lakini rangi peke yake haisemi namba. Ni hapa nilipodhani kwamba nitakwama na mama, kwa sababu ni hapa wanafunzi wa sayansi wenyewe hukwama. Nikaamua kutumia chai yake. Nikamwambia: mama, chukua glasi nane. Katika ya kwanza weka chai ya rangi iliyokolea kabisa, ambayo umepima majani yake mwenyewe kwa kijiko. Chukua nusu yake utie katika ya pili, uongeze maji nusu. Chukua nusu ya ya pili utie katika ya tatu, uongeze maji. Endelea hivyo hadi ya saba, na ya nane iwe maji matupu. Zipange mezani. Sasa mtu akikuletea glasi ya chai ambayo hujui ina majani kiasi gani, utafanyaje?

Alijibu bila kusubiri. Ataisogeza karibu na zile glasi, aangalie inafanana na ipi, au iko kati ya ipi na ipi.

Hicho ndicho kipimo rejea, wenzangu. Vitabu vya kemia hutumia kurasa kukieleza. Maabara hutia BDNF ya kiwango kinachojulikana katika visima vya pembeni, kila kimoja nusu ya kilichotangulia, kisha hulinganisha rangi za visima vya wagonjwa na mchoro uliotokana na visima hivyo.

Mama hakuishia hapo. Mtu aliyeuza chai miaka minne anajua chai inavyoweza kudanganya. Aliuliza: na glasi kama haikuoshwa vizuri, rangi ya jana si itaonekana? Ndiyo, na ndiyo maana fundi anaosha mara nyingi hivyo, na ndiyo maana kuna kisima kisicho na kitu, ili kuona rangi inayojitokeza pasipo mjumbe. Aliuliza: na mkono ukitetemeka, glasi moja ikapata zaidi? Ndiyo, kwa hiyo kila sampuli hutiwa katika visima viwili, na vikitofautiana sana namba hiyo haiaminiki. Aliuliza: na chai ikikolea kupita ile ya kwanza? Basi huizimui kwa kukisia. Unaongeza maji kwa kipimo, unapima upya, kisha unazidisha. Nilikwenda na maswali haya kwa rafiki yangu wa maabara. Alicheka, akasema ndiyo maswali ambayo msimamizi wake humwuliza kila wiki.

Kisha likaja swali ambalo glasi za chai haziwezi kulijibu. "Na ya mutoto wangu ilikuwa ngapi? Iko muzuri?"

Nimeliwaza swali hili kuliko lolote. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Mulago, ambayo kutoka Bwaise unaweza kuifikia kwa miguu ukipitia Kalerwe. Ulionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya ubongo alikuwa bado na upungufu wa kufikiri, wa kumbukumbu au wa umakini miaka miwili baadaye. Mama hakuujua utafiti huo, lakini alikuwa amekwisha kuona kwamba mwanawe akitumwa vitu viwili dukani anarudi na kimoja. Mwaka 2017 jarida la Malaria Journal likachapisha utafiti mwingine wa watoto wa Uganda waliolazwa kwa malaria kali. BDNF ilipimwa katika damu yao walipofika hospitalini, na kiwango cha chini kilikwenda pamoja na ugonjwa mzito zaidi na matokeo mabaya zaidi. Ukimsomea mama sentensi hiyo, atataka namba ya mwanawe, na ataishika kama hukumu.

Ilibidi nimwambie ukweli wa kipimo hiki. Kwanza, damu si ubongo. Sehemu kubwa ya BDNF iliyomo katika damu hubebwa na chembe zinazogandisha damu. Damu ikiachwa igande, chembe hizo huimwaga, na kiwango kinapanda sana. Kwa hiyo seramu na plazma za mtu mmoja, zilizotolewa kwa sindano moja, hutoa namba zinazopishana mno. Mrija ukikaa mezani muda mrefu kabla ya kuzungushwa, namba inabadilika. Umeme ukikatika na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ikaanza kuyeyusha sampuli, namba haiaminiki tena. Na malaria yenyewe hupunguza chembe zile. Pili, watoto wenye afya hutofautiana wao kwa wao. Namba ya chini kwa mtoto mmoja inaweza kuwa ndiyo kawaida yake. Watafiti hupata maana wanapoweka namba za watoto wengi pamoja, wazima kwa wagonjwa, na kutazama kundi lote limeelekea wapi. Namba hizo zinaweza siku moja kusaidia kuonyesha malaria inaudhuru ubongo kwa njia gani na dawa gani ijaribiwe. Haziwezi kumwambia mama mmoja kama mwanawe atafaulu mtihani wa darasa la saba.

Nilizungumza muda mrefu kuliko nilivyoandika hapa, na mama alinyamaza muda wote. Mwisho akasema sentensi ambayo nimeinakili katika ukurasa wa kwanza wa mradi wangu: "Basi haiko kipimo ya mutoto wangu. Iko kipimo ya batoto."

Sijawahi kusoma maelezo bora kuliko hayo kuhusu tofauti ya utafiti na matibabu. Amesema kwa maneno kumi jambo ambalo fomu yake ilishindwa kulisema kwa kurasa sita.

Siwezi kusema kwamba alifurahi. Alikuwa amebeba tumaini kwamba mahali fulani katika friza ya wazungu kuna karatasi yenye jibu kuhusu mwanawe, na mimi nililiondoa tumaini hilo kwa lugha yake mwenyewe. Kuelewa kuna gharama yake, na wanaotetea matumizi ya Kiswahili katika sayansi mara nyingi hatusemi hilo. Tunazungumza kana kwamba tafsiri ni zawadi tupu. Lakini mtu aliyeelewa ndiye anayeweza kukataa, na hapo ndipo ridhaa inapopata maana. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 linataka mtu anayefanyiwa utafiti aelezwe lengo lake na njia zake kabla hajakubali. Kuelezwa kwa lugha usiyoisikia ni sawa na kutoelezwa.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza na wenzangu tunaokusanya istilahi. Kamusi zetu zina maneno mazuri: kingamwili, kimeng'enya, kipokezi. Ninayatumia na nitaendelea kuyatumia, na katika insha hii mmeyaona. Neno kingamwili mama alilielewa nilipolivunja vipande viwili, kinga na mwili, kwa hiyo aliyelitunga alifanya kazi ya maana. Kimeng'enya hakikumwambia kitu. "Dawa ya kuleta rangi" ndiyo iliyofika. Degedege analijua tangu Bukavu, lakini neno hilo nalo lina mzigo wake: pwani wengi wameamini kwamba ni dege, ndege mkubwa wa usiku, anayempitia mtoto, na imani hiyo imewapeleka watoto kwa waganga wakati walipaswa kupelekwa hospitali. Kila neno tunalolichagua linamwelekeza msikilizaji mahali fulani. Tukisema kirutubishi, tunampeleka sokoni. Tukisema mjumbe, tunampeleka mlangoni kwa seli. Kabla hatujaidhinisha istilahi mezani, ingefaa tuijaribu kwa mtu ambaye maisha yake yataguswa nayo, tumwulize sasa atafanya nini.

Na Kiswahili hicho kisiwe kimoja tu. Mimi niliandika maelezo yangu kwa Kiswahili sanifu, nikampelekea mama ayasikilize, naye akawa ananirudishia kwa Kiswahili cha Kivu, "mu damu" badala ya "katika damu," "kutosha" badala ya "kutoa." Sikumsahihisha. Yeye ndiye aliyekuwa na hakika ya maana, mimi nilikuwa na hakika ya ngeli. Fomu ya ridhaa itakayosomwa Bwaise inahitaji vyote viwili, na inahitaji msomaji mmoja mwenye haki ya kusema sentensi hii siielewi, iandikeni upya.

Mama alikwenda kwenye miadi ile ya miezi kumi na miwili. Aliniomba nimwandikie maswali matatu katika karatasi, kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili: damu itakayobaki itawekwa wapi na kwa miaka mingapi; mtoto akionekana ana shida ya kukumbuka katika yale majaribio ya kupanga vipande na kurudia namba, nani atamsaidia; na je, anaweza kukubali majaribio akakataa sindano. Alijibiwa mawili. La pili, la msaada wa mtoto, bado analingojea jibu, na kila mwezi anapiga simu kuuliza. Sasa anapiga yeye mwenyewe, akisisitiza apewe mtu anayesikia Kiswahili.